Weka Nzito, Bosi!

Mtu akiagiza gari kutoka nje huambiwa habari za meli, za ushuru na za usajili. Hakuna anayemnong'oneza kwamba siku gari litakapodai oili na pedi za breki, atakalishwa mtihani wa kemia, wa fizikia na wa Kijapani kwa mkupuo mmoja, na wasahihishaji watakuwa watu ambao wenyewe hawajawahi kuufanya.

Gari langu halina makuu. Ni Corolla Axio, injini ya lita moja na nusu, mwendo wa kistaarabu. Lakini tangu literemke melini limekuwa mali ya umma. Jirani mwenye pikipiki ana maoni juu yake. Shemeji, ambaye hajawahi kumiliki hata toroli, ana maoni pia, na yake ndiyo yanayosemwa kwa sauti kubwa. Maoni yote hayo ukiyakamua yanadondosha tone moja tu: "Weka nzito, bosi. Hiyo nyepesi ni maji."

Nyepesi yenyewe ni oili ya 0W-20. Sikuiota. Imo kwenye kitabu cha gari, ambacho ni Kijapani mwanzo mpaka mwisho, lakini tarakimu hazina kabila: 0W-20 ni 0W-20 hata kama maneno mengine yote yamekupita. Fundi alipoiona inavyochuruzika alitikisa kichwa kwa huruma, akaita na wenzake waje kushuhudia. "Hii, bosi? Na joto lote hili?"

Nikaona nitoe somo. Nikamwambia, fundi wangu, namba ya kwanza, hiyo yenye W, ni ya baridi: inaeleza oili itatiririka vipi unapowasha injini iliyolala usiku kucha. Ikiwa ndogo, oili inawahi kupanda juu kwenye vali, vile vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi, kabla vyuma havijaanza kusagana vikavu. Namba ya pili hupimwa kwenye nyuzi joto 100, injini ikiwa kazini. Na hilo joto la nje unaloniogopesha nalo, injini ina themostati, kazi yake ni kuyaweka maji ya rejeta kwenye nyuzi 80 au 90 na ushei. Nje kuwe na theluji, kuwe na jua la kupasua fuvu, injini ikishapata moto haina habari. Alinisikiliza kwa adabu hadi nukta ya mwisho. Kisha akafuta mikono.

"Nimekuelewa, bosi. Kwa hiyo tuweke nzito?"

Sisemi nzito ni haramu. Zipo injini kuukuu zilizozaliwa na 20W-50 na zitazikwa nayo. Hata vitabu vya magari mapya mara nyingi huruhusu zaidi ya aina moja, kwa mfano 5W-30 mahali pa 0W-20, na ukiikuta kwenye jedwali la kitabu chako, weka kwa amani. Ugomvi wangu ni na hii imani kwamba uzito ndio ubora. Kwenye injini kama yangu oili hailainishi tu. Inasukuma pia ule mfumo wa kubadili majira ya vali, ambao Toyota wanauita VVT-i, tena kwa kupita kwenye vitundu vyembamba. Ukiiletea oili ya trekta la mwaka arobaini na saba, inafika imechelewa, na anayelipia kuchelewa kwake ni wewe, kwa petroli.

Halafu kuna makopo. Nani huwa anayachora haya makopo? Niliwekewa moja mbele yangu, lina gari la mashindano linalotema moto, na jina lake limebeba Super, Turbo, Plus na Racing bila aibu. Nikaligeuza nyuma. Huko nyuma ndiko wanakoficha ukweli, kwa maandishi ya ukubwa wa chawa: API SF. API ni Taasisi ya Petroli ya Marekani, wapanga madaraja ya oili. Sasa hizo herufi ndizo za kusoma, si lile gari linalowaka. S ni injini za petroli, C ni dizeli, na herufi inayofuata huwa inapanda kadiri miaka inavyokwenda. SN ilikuja 2010, SP ikaja 2020. SF, kwa maelezo ya hao hao API, haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988. Mwaka huo gari langu lilikuwa halijatungwa hata mimba.

"Hiyo ndiyo inayotoka sana," muuzaji akanihakikishia.

Inatoka, naam. Swali langu ni inaingia kwenye nini.

Nikachukua SP, nikarudi gereji, tukaanza kumwaga ya zamani. Hapo jirani naye kafika, kavutwa na harufu ya ubishi. Akachovya kidole, akaipekecha oili, akainusa, akatazama mawinguni, akatoa hukumu: "Nyeusi. Imekufa siku nyingi." Oili ikiwa nyeusi maana yake imefanya kazi yake, ina sabuni ndani, sabuni inabeba masizi. Ingebaki nyeupe ndiyo ningekosa usingizi, maana uchafu ungekuwa umebaki kwenye injini. Kufa au kutokufa kwake ni suala la kilomita na miezi, na kidole cha jirani hakina mita.

Tukahamia kwenye kibandiko. Magari ya Japani huja na vibandiko vya sevisi, mara nyingi pembeni mwa mlango, vikionyesha lini oili ilibadilishwa na kwenye kilomita ngapi. Changu kilikuwa na 28 mahali pa mwaka. Fundi akasema limebakiza kilomita elfu 28. Shemeji akasema ni mwaka 1928, kisha akanipa pole. Wajapani huhesabu pia miaka kwa enzi ya mfalme wao: enzi ya Heisei unajumlisha 1988, na hii ya sasa, Reiwa, iliyoanza Mei 2019, unajumlisha 2018. Kwa hiyo 28 ile ni 2016. Nilipowaeleza hivyo walitazamana, na nikajua kuanzia hapo nitaitwa profesa, si kwa heshima.

Kasheshe ya mwisho ya oili ilikuwa kipimo. Injini yangu inakunywa lita 3.7 pamoja na filta mpya. Kopo ni lita 4. Fundi haamini katika mabaki. Kwake kopo lililofunguliwa ni kopo la kumalizwa. Nikaushika mkono wake hewani. Oili ikizidi, krankishafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inaichapa mpaka inatoa povu, na povu halilainishi chochote. Kile kijiti cha kupimia kina alama mbili, na oili inatakiwa ikae katikati yake, isivuke ya juu kwa sababu tu kuna mtu anaona uchungu kubakiza. Akakubali kwa shingo upande. Halafu akaniomba yale mabaki, ayatie kwenye pikipiki yake. Yale yale maji.

Basi, oili ukiikosea angalau injini itakulalamikia polepole. Breki ukizikosea jibu unapewa kwenye makutano.

Breki zangu zilianza kupiga mluzi. Mluzi huo si ugonjwa, ni taarifa: pedi nyingi zina kibati kidogo ambacho pedi ikiisha kinagusa diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi, na kupiga kelele makusudi, ili umwone fundi kabla hujamwona daktari. Nikaenda. Fundi mwingine huyu, si yule wa oili. Akafungua tairi, akachukua koleo, akakikunja kile kibati kikaelekea upande wa pili. Kimya. "Breki nzima, bosi." Huko ni kumkaba mbwa kwa kuwa amebweka wezi walipoingia. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi za ile nyama ya kusuguana, na ikifika 3 watu wenye akili wanabadilisha. Zangu nilizipima. Sitaji namba, mama yangu anasoma.

Huyo mimi, duka la spea. Swali la kwanza: "Unataka orijino, orijino kabisa, au orijino ya kawaida?"

"Tofauti yake nini, kaka?"

"Ya kawaida si orijino sana."

Nikaomba tuanze na namba ya gari. Hapo nako kuna balaa lake, kwa sababu katalogi nyingi za mtandaoni zimezoea namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17, na magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana hiyo. Yana namba ya fremu: langu ni NZE141, kistari, tarakimu saba, basi. Muuzaji akaingiza kwenye kompyuta, kompyuta ikamjibu kuwa hazitoshi. Akanitazama kwa jicho la pembeni, kana kwamba nyingine nimezificha. "Bosi, gari lako lina vibali vyote?" Ilibidi nimwombe afungue katalogi ya soko la Japani, ile inayokubali namba fupi, ndipo gari langu likapata uraia.

Akaleta maboksi mawili. La mbele na la nyuma, "ili ufunge seti nzima upumzike." Nikatazama namba. Kwa Toyota, pedi za mbele namba yake huanza na 04465, na za nyuma 04466. Boksi la pili lilikuwa 04466 kweli, halina kosa lolote, kasoro moja tu: gari langu nyuma halina diski. Nyuma lina dramu, ile breki ya ngoma. Linatumia breki shuu, ambazo huanza na 04495. Nikamwuliza hizi pedi nitazifunga wapi. Akafikiri kwa dhati kabisa, akasema, "Zitakaa tu."

Tukarudi kwenye boksi la kwanza. Limeandikwa "Ceramic" kwa herufi za dhahabu, na kuna aina tatu ambazo utaimbiwa. Za oganiki ni laini, kimya, huisha mapema kidogo. Za nusu chuma huvumilia joto kali, zinafaa mtu wa mizigo na milima, ila zina kelele na huitafuna diski. Za seramiki hazina makelele wala vumbi jingi, na bei yake ndiyo inayopiga mluzi. Kwa gari la kwenda kazini na kurudi, oganiki nzuri inatosha na chenji inabaki. Lakini muuzaji alikwisha kupanda mzuka. Akatoa sumaku mfukoni. "Ona, bosi, inanasa! Mali nzito hii!" Sumaku itanasa pedi yoyote duniani, kaka, bati la mgongoni ni chuma. Ungeibandika kwenye mlango wa duka lako ingenasa vilevile, na mlango haushiki breki.

Cha kutafuta ni maandishi ya mgongoni au ubavuni. Pedi nyingi zinazojiheshimu huchapwa herufi mbili za msuguano, kwa mfano FF: ya kwanza ni msuguano katika joto la kawaida, ya pili ni pedi zikiwa zimepata moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G inapanda hadi 0.55. Si cheti cha ubora, lakini mtu akikuuzia EE uwe unajua umenunua nini. Za Ulaya zina alama ya R90, ambayo inadai pedi ya kubadilishia isitofautiane na ile ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15. Boksi langu la dhahabu lilikuwa na pedi tupu kabisa, hazina herufi, hazina namba, hazina hata mkwaruzo. Zimekuja duniani bila jina la baba. Nikazirudisha kaunta kwa vidole viwili, nikachukua za boksi la karatasi ya kawaida zilizoandikwa FF na namba ya toleo. Muuzaji akasikitika. "Boksi lake baya hilo, bosi."

Kufunga hakukuwa na vita. Nilimsimamia fundi asome unene wa chini uliochapwa kwenye diski, alikuwa hajui kama upo, akashangaa, akaenda kuwaonyesha wenzake kwenye magari mengine. Nilimzuia pia asiondoke na gari kabla ya kupampu pedali, maana pistoni za breki zikisukumwa nyuma, mguu wa kwanza unazama hadi sakafuni na gari halina habari na wewe. Alipampu. Pedali ikasimama.

Ikabaki kuzizoesha. Pedi mpya zinatakiwa zipate muda wa kuelewana na diski: barabara tupu, unafika kilomita 50 kwa saa, unashika breki kwa wastani mpaka gari linakaribia kusimama, unaachia, unaendelea zipoe, unarudia. Fundi akasema lazima aje, ahakikishe kazi yake. Akafunga mkanda.

Nikafika 50, nikashika. Fundi akaenda mbele, akarudi. Nikafika 50 tena, nikashika.

"Bosi, kuna nini mbele?"

"Hakuna kitu."

"Sasa unamshikia nani breki?"

"Nazizoesha."

"Zimzoee nani?"

"Diski."

Akanyamaza. Nikapandisha mwendo tena, na kabla mshale haujafika 50 nikasikia mkanda unafunguliwa. "Profesa," akasema, na sijui nani alimwambia, "nishushe hapa hapa."

Nikamshusha. Zilishika vizuri sana.