Shahada ya Matambiko, Kichekesho Kiko Wapi?

Juzi mezani nilikuwa nasimulia habari za Kogakkan, kile chuo kikuu binafsi cha mji wa Ise, Japani, kinachosomesha Shinto, dini ya jadi ya Wajapani. Binamu yangu akaangua kicheko. "Shahada ya matambiko? Mtu akimaliza aajiriwe wapi?" Meza nzima ikacheka naye. Mimi sikucheka, na hasira haijanitoka hadi leo.

Ajira ipo. Japani ina mahekalu ya Shinto yapatayo 80,000, na vyuo vikuu vyenye idara ya kuwaandaa makuhani wake ni viwili tu, Kogakkan na Kokugakuin cha Tokyo.

Kinachoniuma zaidi ni ile dhana kwamba kusali hakuhitaji kusomewa. Kuhani wa Shinto huwasomea miungu norito, yaani maneno ya sala, na norito ni Kijapani cha kale ambacho Mjapani wa leo hawezi kukifuata vizuri. Tena hasomi tu yaliyoandikwa na wengine. Mtu akitaka kiwanja chake kitakaswe kabla ya kujenga, kuhani huandaa maneno ya siku ile, yenye mahali pale na jina la mwenye nyumba. Utayapangaje bila kuijua sarufi ya lugha isiyozungumzwa tena na mtu? Ndiyo maana wanafunzi huzamishwa katika Kojiki, kitabu cha masimulizi ya miungu cha mwaka 712 kilichoandikwa kwa herufi za Kichina, ambazo mara husomwa kwa maana, mara kwa sauti. Motoori Norinaga, tabibu wa karne ya 18 wa mji wa Matsusaka, jirani kabisa na Ise, alitumia zaidi ya miaka 30 kukifafanua huku akitibu wagonjwa ili apate riziki. Miaka thelathini, kitabu kimoja!

Haya, doa lipo, sitalificha. Kogakkan ilianzishwa mwaka 1882, ikaitumikia dola iliyoigeuza Shinto kuwa utii kwa mfalme na kwa vita. Baada ya Japani kushindwa, ikafungwa mwaka 1946. Anayelikumbusha hilo ana haki. Ila iliporudi mwaka 1962 ilirudi kama chuo binafsi, na mafunzo yale magumu yakaendelea.

Natamani binamu yangu aketi darasani kule asubuhi moja tu, awekewe mbele ukurasa wa kwanza wa Kojiki, aone mwanafunzi wa miaka kumi na tisa akiusoma kwa sauti, neno kwa neno.