Haikuwa Chai, Ulikuwa Urojo

Kwanza niweke sawa. Yule Mudi anayesambaza sauti tangu jana usiku kwamba nimemmwagia baba mkwe chai ni muongo mkubwa. Haikuwa chai. Ulikuwa urojo. Na wala haukuwa wa moto kiasi hicho.

Ambao sauti hiyo haijawafikia, msiihangaikie, iko njiani.

Tulifika ukweni mchana wa Ijumaa, mzee bado kabaki msikitini na wenzake. Tukakaribishwa sebuleni, urojo ukaletwa, bakuli limejaa hadi ukingoni, bajia zinaelea. Nikaliweka kwenye stuli mbele ya magoti yangu. (Kumbukeni stuli hiyo.) Shemeji yangu mdogo, wa darasa la sita, alikuwa kwenye runinga na Tony Hawk's Pro Skater 1 + 2, ile gemu ya kuteleza na ubao wa magurudumu. Wallahi nilipouona ule uwanja wa Warehouse nikasahau kilichonipeleka. Gemu yenyewe ni ya 1999, sisi tuliicheza kwa kukodi, tukigombania zamu. Hii ya 2020 imefufua ile ya kwanza na ya pili kwa pamoja: dakika mbili zilezile, herufi za S-K-A-T-E za kuokota, kanda ya video iliyofichwa. Ila Tony Hawk mwenyewe, yule bingwa wa ubao, na wenzake wa zamani wamewachora na umri waliokuwa nao 2020.

Nikasema, na hapa Mudi ananiigiza vizuri, namkubali: "Lete pedi, dogo. Sisi ndiyo wenyewe."

Mwanzo nilikuwa naanguka hovyo. Ukianguka, picha inakwaruzika kama kanda mbovu, mara jamaa yuko juu ya ubao tena, hana hata vumbi. Halafu vidole vikakumbuka. Na dogo akanifunza kitu ambacho ile ya kwanza ya zamani haikuwa nacho: ukitua, unainua pua ya ubao, unatembelea magurudumu mawili, mitindo haikatiki. Alama zinazidishana pale chini ya skrini, lakini si zako mpaka utue salama. Kuna mshale wa mizani wa kuusawazisha. Ukilala, zote zimekwenda na maji.

Sasa hapo ndipo palipoharibika.

Saa ya gemu ikafika sifuri. Lakini gemu hii haikukatizi mtindo ulio katikati; muda umekwisha, wewe unaendelea mpaka utue au uanguke. Na mimi nilikuwa na mfululizo ambao dogo alisimama kuutazama. Tony Hawk magurudumu mawili, mshale unayumba. Mimi nami, bila kujua, nimeegemea nyuma, kiti cha plastiki kimeinua miguu ya mbele. Vigae vya sebule ile vinateleza, jamani, mama mkwe anapiga deki mtu ukajione.

Mlango uko ubavuni mwa runinga. Nikaona kitu cheupe kinaingia. Kanzu. Imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Assalaam alaykum."

Mudi kaitikia. Dogo kaitikia. Mimi, macho kwenye mshale, nikasema: "Ngoja!"

Nilimwambia mzee ngoja.

Kisha masikio yangu yakasikia nilichosema. Nikataka kuinuka, kupokea mkono na kutua, vyote kwa pamoja. Kiti kikachagua chenyewe. Miguu ya nyuma ikateleza mbele, mgongo ukaenda chini, na magoti yalipopanda mguu wa kulia ukaipiga ile stuli kwa chini. Nikiwa hewani nililiona bakuli likiruka. Lilipinduka taratibu, bila haraka yoyote, bajia moja ikatangulia. Urojo ukatua kifuani kwa mzee, ukashuka na vifungo, njano tupu.

Mimi picha haikukwaruzika. Nilibaki palepale, chali, pedi kifuani.

Nikasema, "Shikamoo, baba."

Akasema, "Marahaba," akageuka akarudi nje.

Yaliyobaki ni mafupi. Mama mkwe kaleta kitambaa, mchumba kacheka mpaka kakaa chini, Mudi kaaga kabla yangu. Kanzu imerowekwa, binzari haitoki, nishaahidi nyingine. Asubuhi hii mshenga kapiga simu kuuliza kama barua ya posa ipelekwe Jumapili au isubiri kwanza fundi amalize kushona.

Na nyinyi mnaonitumia ujumbe kuulizia alama: hazikuhesabiwa. Niliachia pedi, jamaa akaanguka.