Ukimaliza dozi ya bakteria wa tumbo, uzito nao uangaliwe

Siku hizi hapa Moshi ukikaa saluni au kwenye vikoba haipiti muda hujasikia mtu kakutwa na H. pylori, wenyewe tunamuita bakteria wa tumbo, na wengi wakimaliza dozi malalamiko ni yale yale, nimenenepa. Wengine wameenda mbali zaidi, wanashauri wenzao wasitumie dawa kabisa eti bakteria ndo anawaweka wembamba. Hilo linaniuma kweli.

Ukweli kidogo upo. Tumbo linatengeneza homoni inaitwa ghrelini, Wajapani waliigundua 1999, hiyo ndo inauambia ubongo una njaa. Bakteria akikaa miaka mingi anachubua ukuta wa tumbo, na kwa wengi wenye bakteria hiyo homoni inakutwa iko chini. Wakitibiwa, kuna tafiti zimeona imepanda na kilo zimeongezeka, nyingine hazikuona kitu. Daktari mmoja wa Marekani, Martin Blaser, amesema miaka mingi kwamba huyu bakteria kupotea kwenye nchi tajiri huenda kunachangia unene, ila kuna tafiti nyingine tena zimekuta wenye bakteria ndo wanene zaidi. Kwa hiyo anayekwambia kwa uhakika kabisa kwamba bakteria anazuia kitambi, usimsikilize.

Mimi naona sehemu kubwa ya jibu iko kwenye sahani. Mtu mwenye vidonda vya tumbo vinavyoletwa na huyu bakteria anaishi kwa kujinyima, maharage kaacha, pilipili kaacha, kitimoto haigusi, usiku analala na uji tu kwa kuogopa moto wa kifuani. Shangazi yangu wa Kibosho alifikia hatua ya kuogopa hata chai. Alivyopona akarudi kwenye mtori, machalari, nyama, chapati, na nani wa kumlaumu jamani mtu ameteseka miaka yote hiyo, sasa sketi zikaanza kukataa kufunga akaamini dawa zimemharibu mwili. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba hamu ya kula itarudi na inarudi kwa nguvu.

Kumuacha bakteria ili uwe mwembamba ni hatari. Madaktari Barry Marshall na Robin Warren walimuotesha maabara kule Perth, Australia, 1982, na 1984 Marshall akamnywa mwenyewe, tumbo likavimba kwa ndani, akaonyesha dunia kwamba huyu mdudu kweli anaumiza tumbo. 2005 wakapewa Nobel. Na tangu 1994 shirika la utafiti wa saratani la WHO limemuweka kwenye orodha ya visababishi vya saratani. Wengi wanaishi naye bila kuumwa, sawa, lakini ukiwa na vidonda na kipimo kimemuonyesha, tibiwa, na umalize dozi yote, hii tabia ya kununua amoksilini nusu dozi duka la dawa bila kupima inamfanya awe sugu tu.

Ninachowaomba madaktari na manesi wetu ni dakika mbili. Mwambieni mgonjwa kwamba akipona atakula zaidi, mwelezeni sahani yake ikae vipi. Mizani ipo hapo hapo, mpimeni kabla hajaondoka na dawa, mwandikieni kwenye daftari lake, na akirudi kupima choo kuona kama bakteria ameisha, mpimeni uzito tena.