Mayai Sita na Hesabu ya Miaka Mitatu

Anayetaka kufuga nyoka wa kuuza huanza hesabu zake na mayai. Chatu mpira, yule chatu mfupi wa Afrika Magharibi anayejiviringa akawa duara akiogopa, kwa kawaida hutaga mayai manne hadi sita. Zidisha kwa bei ya mtoto mmoja mwenye rangi adimu, toa gharama ya panya wa kuwalisha, faida hii hapa. Kuzidisha hakuna kosa. Kilichosahaulika ni muda.

Wanaoitetea biashara hii wana hoja, tena nzito. Nyoka mkubwa hutosheka na mlo mmoja kwa wiki moja au mbili, hana kelele, na makumi yao hukaa chumba kimoja kwenye droo za plastiki zilizopangwa juu kwa juu. Mayai huanguliwa baada ya siku kama 60 ndani ya mashine yenye joto la nyuzi 31 au 32. Mifugo michache inadai kidogo hivyo kwa siku.

Ila siku zenyewe ni nyingi mno. Jike hungojewa hadi afikishe gramu 1,500 hivi, na hapo miaka mitatu imeshapita: umekuwa ukimlisha na kumpasha joto la umeme usiku na mchana bila kuona yai hata moja. Akishataga anakuwa amekonda, maana mara nyingi huacha kula kwa wiki kadhaa kabla ya kutaga, na mwaka unaofuata anaweza kupumzika tu. Bili haipumziki.

Halafu kuna bahati nasibu ya jeni. Tuseme dume na jike wote wana sura ya kawaida lakini wamebeba jeni fichu ya rangi inayotafutwa, yaani ile inayoonekana kwa mtoto aliyeirithi kwa wazazi wote wawili tu. Kila yai lina nafasi moja kati ya nne ya kutoa rangi hiyo. Kwa mayai sita, uwezekano wa kukosa kabisa ni karibu asilimia 18. Ndugu zao wasio na rangi hiyo huuzwa kwa bei ya kutupa, tena baada ya kuthibitika kwamba wanakula, na wapo watoto wanaogoma chakula kwa wiki nyingi.

Soko ndilo gumu zaidi. Chatu mpira albino wa kwanza kuzalishwa na wafugaji walianguliwa Marekani mwaka 1992, wakauzwa kwa maelfu ya dola. Leo bei imeshuka, na albino ni nyoka wa anayeanza kufuga. Haikuwa hila ya mtu yeyote. Aliyenunua kwa bei ile hakununua pambo, alinunua mtambo wa kuzalisha wengine, na baada ya miaka michache akawa anauza kilekile alichouziwa. Kwa hiyo anayenunua rangi ya mtindo leo atapata watoto wa kuuza wakati mtindo umeshapita. Wapo wanaokwepa hilo kwa kuunganisha jeni tatu au nne katika nyoka mmoja. Wanafaulu, lakini waliingia na mtaji mkubwa na uvumilivu wa miaka kumi. Na si kila rangi ni njema: jeni iitwayo buibui huja na kichwa kinachoyumba, na sioni jinsi ya kuiingiza hiyo kwenye safu ya faida.

Sheria nayo hubadilika. Mwaka 2012 Marekani ilimweka chatu wa Burma, aina nyingine iliyo kubwa zaidi, kwenye orodha ya wanyama waharibifu na kuzuia kumwingiza nchini. Magonjwa sitayachambua sana: nyoka mgeni mmoja aliyeingizwa bila kutengwa kwanza anaweza kuambukiza chumba kizima.

Kwa maoni yangu, majike watatu au wanne waliochaguliwa vizuri wanaweza kulipia chakula chao na mashine yao, na mwenye kuwapenda atafurahi. Kutegemea kodi ya nyumba kutoka kwao ni jambo jingine. Cha kuchekesha ni kwamba kwenye ufugaji huu, pesa ya uhakika zaidi huenda ikawa kwa anayezalisha panya. Mteja wake hurudi kila mwezi, ilhali aliyenunua chatu mmoja huweza kukaa naye miaka 20 au 30 bila kuhitaji mwingine.