Tumjue mshauri wa fedha kwa lipi?

Mtu akikaribia kustaafu, simu zinaanza. Mwalimu au nesi ambaye maisha yake yote ya kazi hakuna aliyejali mshahara wake unaishia wapi, ghafla ana washauri wa fedha kila upande, na wote wanamwita mama. Wameshasikia kiinua mgongo kinakuja. Na sisi ndugu tukiitwa kumwangalia kijana aliyekuja na mkoba wake na fomu, tunauliza kwao ni wapi, ameoa, anasali wapi. Maswali hayo yana mahali pake kwenye posa. Kwenye pesa yameumiza watu wengi mno, nami naona wakati umefika tuulize mengine.

Wanaoikumbuka DECI, mpango uliokusanya pesa za watu kwa ahadi ya kuwarudishia zaidi, watanielewa. Serikali ya Tanzania ilipoifunga mwaka 2009, watu walikuwa wamepeleka akiba zao huko kwa lugha ya kupanda mbegu na kusubiri kuvuna. Viongozi wake walikuwa wachungaji. Inaniuma ninaposikia waliopoteza wakiitwa wajinga, kwa sababu walifanya hasa kile tulicholelewa kukifanya: walimpima mtu kwa mwenendo wake na kwa imani yake. Waliwajua wale viongozi. Ambacho hawakuonyeshwa ni kwamba mavuno ya aliyetangulia yalitoka kwenye mbegu ya aliyefuata.

Wala si jambo la kwetu peke yetu. Bernard Madoff wa New York aliwahi kuwa mwenyekiti wa soko la hisa la NASDAQ. Alikuwa mtu wa familia, mtoaji mkubwa wa misaada, na jumuiya ya Wayahudi wenzake ilimheshimu sana. Wengi walimpa pesa kwa sababu walikuwa naye klabu moja au walijuana kupitia rafiki. Taasisi ya Elie Wiesel, manusura wa Auschwitz na mshindi wa Nobel, ilipoteza dola zaidi ya milioni 15. Madoff alikamatwa Desemba 2008, na Juni 2009 akahukumiwa miaka 150 gerezani. Taarifa alizowatumia wateja zilionyesha hisa ambazo hazikuwahi kununuliwa. Aliweza hivyo miaka mingi kwa sababu kampuni yake ndiyo iliyoshika mali za wateja, na kampuni hiyohiyo ndiyo iliyowachapia taarifa. Mkaguzi wake wa hesabu alikuwa na kiofisi kidogo nje ya jiji. Maisha yake binafsi yalijulikana na kila mtu, lakini kiofisi kile ni wachache sana waliokwenda kukitazama.

Basi historia ninayoitaka mimi ni ya kazi. Alikuwa wapi kabla ya hapa, aliondoka kwa nini, na wateja wake wa zamani bado wako naye? Leseni yake inasemaje? Kwa Tanzania, ushauri wa hisa, hatifungani na vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja uko chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na bima iko chini ya TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima. Wakenya wana CMA, mamlaka yao ya masoko ya mitaji, na mamlaka yao ya bima. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza: wakala wa bima anaweza kuwa na usajili halali kabisa, akakutolea cheti, kisha akaanza kukushauri kuhusu hisa, jambo ambalo cheti kile hakimruhusu. Usome kilichoandikwa, usiridhike na muhuri. Ndugu zetu walioko Marekani wana bahati zaidi, maana kuna tovuti ya BrokerCheck, ambako unaandika jina la mtu na kuona amefanya kazi wapi na kama amewahi kulalamikiwa.

Swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: wewe unalipwa na nani? Nilikuwapo sebuleni kwa shangazi yangu, mwalimu mstaafu, alipolitamka kwa sauti ileile ya darasani. Kijana alikuwa ameshafungua kalamu. Akasema huduma ni bure, mama. Shangazi akauliza tena, taratibu, nani anakulipa nauli ya kuja huku. Ndipo ikatoka kwamba kuna kamisheni, na kwamba kwenye bima ile ya akiba kamisheni ya mwaka wa kwanza ndiyo nono. Hakuna haramu hapo, kila mtu ana haki ya kula jasho lake. Ila mtu aliyekuwa anamwambia aweke karibu kiinua mgongo chote kwenye bima ambayo akiivunja mapema atarudishiwa kidogo au asipate kitu, alipaswa kulisema hilo kabla ya kutoa fomu.

Maisha binafsi nayo yana sehemu yake, lakini ndogo kuliko tunavyodhani. Talaka yake hainihusu. Ninachotaka kujua ni kama pesa yake mwenyewe imo kwenye mfuko anaonipigia debe, na kama amewahi kupata hasara akabaki na akili yake. Nitamuuliza pia kama ana madeni yanayomkaba. Watasema ni utovu wa adabu. Mimi nasema mtu anayeuliza mshahara wangu, madeni yangu na warithi wangu hawezi kuudhika nikimrudishia swali moja.

Kupima watu kwa ndoa na kabila kuna hasara nyingine inayoniudhi kwelikweli. Mabinti wenye leseni zao, waliosoma na kufaulu mitihani ya taaluma hii, wanapitwa kila siku kwa sababu hawajaolewa au si wa kwetu, na pesa inapelekwa kwa baba mwenye gari na sauti nzito.

Ukishamkubali, tazama pesa inakwenda wapi. Kwenye mfuko halali wa uwekezaji wa pamoja, meneja hakai na mali zako, zinashikwa na benki iliyoteuliwa kuzitunza. Kwa hiyo malipo yaende kwenye akaunti yenye jina la mfuko, na risiti itoke huko huko. Akikwambia utume kwenye namba yake ya simu halafu yeye ndiye atakuwekea, usitume hata shilingi.