ESP8266: kila toleo liwe dogo kuliko lililotangulia

Mjadala huu haufi miongoni mwetu tunaochezea saketi: bado kuna haja ya kuiandikia programu ESP8266, ile chipu ndogo ya bei nafuu yenye Wi-Fi, au tuizike? Wanaotaka izikwe wana hoja, na baadhi yao wanaijua chipu hii kuliko mimi. Ila naona lawama inamwangukia asiyehusika. ESP8266 inafanya leo kila ilichofanya siku ilipotoka kiwandani. Kilichobadilika ni intaneti tuliyoiunganisha nayo, na hapo ndipo penye uamuzi: ni kiasi gani cha intaneti hiyo tuendelee kuibebesha?

Kwa ambao hawakuwapo, habari yenyewe ni fupi. Mwaka 2014 kampuni ya Espressif ya Shanghai ilikuwa na chipu ambayo wengi waliichukulia kama kiungo cha kuipa Wi-Fi maikrokontrola nyingine, yaani chipu inayoendesha kifaa. Ai-Thinker wakaiweka kwenye kibao kidogo chenye pini 8, ESP-01, kikauzwa kwa dola chache. Nyaraka zilikuwa za Kichina. Watu wakazitafsiri wenyewe kwa wenyewe, wakakuta mle ndani mna prosesa kamili ya biti 32 inayokwenda kwa megahezi 80, tena inayokubali kuandikiwa programu yako bila Arduino, ile bodi ya maikrokontrola ya wanaojifunza, pembeni. Wakati huo kuipa Arduino Wi-Fi kuligharimu zaidi ya Arduino yenyewe! Zikafuata bodi zilizojengwa juu yake, NodeMCU na Wemos D1 mini, na swichi za Sonoff. Pita leo Kariakoo au Luthuli Avenue, bado utauziwa.

Mrithi wake, ESP32, alitoka mwaka 2016 ikiwa na prosesa mbili ndani ya chipu moja, kumbukumbu ya kilobaiti 520 na Bluetooth. Baadaye ikaja ESP32-C3, ndogo na ya bei nafuu. Anayeanza leo anunue hizo. Kila kijana anayeniuliza namwambia hivyo, na sioni cha kubishania hapo.

Lakini mimi nawafikiria walioanza zamani. Bodi zao zimo ndani ya visanduku vya swichi vilivyozungushiwa plasta, zimo juu ya minara ya matangi, zimo kwenye mabanda ya kuku zikisoma joto. Ukimwambia mtu huyo "nunua mpya, tofauti ya bei ni ndogo", umehesabu bodi ukasahau fundi, ngazi, waya na siku nzima ya kazi. Na bodi aliyonayo inapima maji vilevile kama mwanzo. Kitakachokufa kwanza ni adapta ya umeme.

Tatizo lenyewe ni kumbukumbu. Wi-Fi ikishawashwa, programu ya kawaida ya Arduino kwenye ESP8266 hubakiwa na takriban kilobaiti 50 za kufanyia kazi. Zinatosha sana kwa sensa na ujumbe mfupi. Sasa iambie chipu izungumze na seva ya nje kwa usimbaji fiche. Kanuni za TLS, mfumo wa usimbaji huo kwenye intaneti, zinairuhusu seva kutuma kipande cha data cha hadi kilobaiti 16 kwa mkupuo, na kipande chote sharti kipokelewe ndipo kifunguliwe. Theluthi ya nafasi imekwenda, hujaweka vyeti vya kuthibitisha kuwa seva ndiyo yenyewe, hujaweka foleni ya ujumbe, hujaweka ule ukurasa wa mipangilio wenye vitufe vya rangi ambao kila mtumiaji anautaka. Tangu mwaka 2019 Arduino ya ESP8266 hutumia BearSSL, maktaba ya TLS ya Thomas Pornin, kazi ya ufundi wa hali ya juu, nayo huweza kuiomba seva itume vipande vidogo. Si kila seva inakubali. Na kusalimiana tu na seva kunaweza kula sekunde kadhaa, maana chipu haina sehemu maalumu ya kufanya hesabu hizo. Matokeo yake kifaa kinajizima na kujiwasha chenyewe, mwenye nyumba anailaumu TANESCO.

Halafu kuna vyeti. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti mama cha DST Root CA X3 kilifikia kikomo, kile ambacho tovuti nyingi zinazopewa vyeti vya bure na Let's Encrypt zilikuwa zikikiegemea. Kifaa kilichoandikiwa kukiamini hicho tu, kisipate sasisho, kilinyamaza. Chipu nzima, sensa nzima, maji tangini yapo, na simu ya mwenye nyumba haioneshi kitu.

Miradi mikubwa ya programu za chipu hizi imepita njia tofauti. CircuitPython, wanaotumia lugha ya Python, waliiacha ESP8266 kuanzia toleo la 4, mwaka 2019. Walitaka bodi ambayo ukiichomeka kwenye kompyuta inaonekana kama flashi, na ESP8266 haina USB yake yenyewe. Sina ugomvi nao. Waliona haiendi na lengo lao, wakasema wazi, na matoleo ya zamani wakayaacha yapatikane. MicroPython, ESPHome na Tasmota wao wameendelea kuihudumia. Tasmota ndio wanaonivutia zaidi. Kwenye vifaa vyenye nafasi ya kuhifadhia programu ya megabaiti 1 tu, toleo jipya haliwezi kukaa pamoja na la zamani, kwa hiyo walitengeneza toleo dogo kabisa la kupitia: unaliweka hilo kwanza, kisha ndipo linaingia kamili. Na walipoleta Matter, ule mfumo mpya wa vifaa vya nyumbani, hawakujaribu kuusokomeza ndani ya ESP8266. Waliuweka kwenye ESP32, wakaifanya iweze kuvisemea vifaa vya zamani vilivyomo humo nyumbani.

Msimamo wangu unatoka hapo. Tuendelee kuiandikia ESP8266, ila tuiondolee kazi ya kuzungumza na dunia. Isome sensa, iwashe pampu, itume ujumbe mfupi wa MQTT, utaratibu mwepesi wa vifaa kutumiana ujumbe, kwa mashine iliyo nyumba hiyohiyo: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ESP32, hata laptopu iliyokatika bawaba. Mashine hiyo ndiyo ishughulike na vyeti, simu na seva za mbali. Kwa huku kwetu kuna faida nyingine ambayo haitajwi vya kutosha. Bando likiisha, mfumo unaotegemea seva ya ng'ambo hauwezi kukuambia tangi lako lina maji kiasi gani ingawa umesimama chini yake. Ukiwa na mashine ya nyumbani, unajua.

Pana hatari, nisiifiche. Ujumbe usiosimbwa unaweza kusomwa na yeyote aliyemo kwenye Wi-Fi hiyo, na kwenye nyumba za kupanga nywila inajulikana hadi kwa wageni wa wapangaji. Kiwango cha maji wasome tu. Kufuli la geti, hapana. Hilo liwekewe chipu mpya, gharama yoyote iwayo.

Ukiukubali mpangilio huu, kazi ya mwandishi wa programu inageuka. Anakuwa mtu wa kupunguza. Kwenye programu yangu ya kupima maji ya matangi nimeondoa michoro, nimeondoa ukurasa wa takwimu, nimeondoa utumaji wa barua pepe. Yote hayo sasa hufanywa na mashine nyingine. Malalamiko yalikuja, hasa ya michoro. Lakini kujizima ovyo kumekoma, na kwangu mimi hilo lina uzito kuliko michoro.

Wapo wanaotaka kila kipya kinachowekwa kwenye ESP32 kiwekwe pia kwenye ESP8266, na wanadai kwa sauti kubwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wengi wanaozitunza programu hizi hufanya hivyo usiku baada ya kazi, bila malipo, na kila kipengele kinachowekwa kwenye chipu mbili hujaribiwa mara mbili. Anayekitaka sana akiandike, akileta kilichojaribiwa kipokelewe. Watunzaji tuwadai mambo mawili tu: matundu ya usalama yazibwe, na programu iendelee kukubali kujengwa. La pili linadharauliwa. Programu ya chipu ya zamani hufa pale maktaba zilizoizunguka zinapobadilika na hakuna aliyeandika ni matoleo gani yalitumika. Andika matoleo hayo, na faili lililokwisha kujengwa liweke mahali mtu anaweza kulipakua bila kujenga chochote.

Nitaacha lini kabisa? ESP8266 husikia gigahezi 2.4 tu. Ruta zikianza kuuzwa bila masafa hayo, nitafunga daftari, na sioni dalili kwamba ni karibuni. Kwa sasa toleo lijalo la programu yangu linaondoa TLS yote, na nafasi itakayopatikana nitaiacha wazi.