Si karuho iliyomwua baba mkubwa

Juzi tulikuwa kwenye kilio cha baba mkubwa, kule Kadutu, hapa Bukavu. Chini ya hema wazee watatu walikuwa wananong'ona ni nani aliyempa karuho, ile sumu ambayo watu husema huua polepole. Niliondoka pale nikaenda kukaa na akina mama, maana ningebaki ningewakosea heshima.

Baba mkubwa alikuwa na saratani ya prostati, yaani tezi dume, nayo ilikuwa imeshafika kwenye mifupa. Mwaka mzima alilia mgongo, akakonda, na mwaka huo wote uliishia kwa waganga wa kutapisha sumu.

Watu husema wazee wanaogopa kidole cha daktari, kile cha kupima prostati kwa njia ya haja kubwa. Ni kweli, na mzee kuvua suruali mbele ya kijana aliye sawa na mjukuu wake si jambo dogo. Pesa nazo hazipo. Lakini mimi naona sumu inatuua hata pale isipokuwepo. Aliyepewa sumu ana adui: ameonewa wivu kwa ajili ya nyumba yake, shamba lake, watoto wake waliosoma. Watu wanakuja kumpa pole, na uanaume wake unabaki mzima. Mwenye prostati ana nini cha kusimulia? Suruali iliyolowa. Basi anachagua sumu, na sisi watoto tunamsaidia kuichagua. Mimi mwenyewe nilitoa pesa ya mganga mara mbili, na moyo unaniuma hadi leo.

Neno prostati si geni kwetu. Vita vilipoingia Bukavu mwezi wa 10 mwaka 1996, Rais Mobutu alikuwa Ulaya akitibiwa saratani hiyo hiyo. Mwaka uliofuata akafia Rabat. Wazee wetu wanakumbuka yote hayo, ila kwao ule ulibaki ugonjwa wa rais.

Saratani hii inapoanza haiumi, na mtu anaweza kukojoa vizuri kabisa. PSA, kipimo cha kuitafuta, ni cha damu tu. Nakubali, hupanda pia kwa uvimbe wa kawaida wa uzeeni au maambukizi, na wapo walioogopeshwa bure. Lakini sisi watu weusi inatupata zaidi, na aliyeuguliwa na baba au ndugu wa damu yumo hatarini zaidi ya wengine. Huyo asingoje miaka 50. Akifika 45 aongee na daktari.

Baba yangu ndiye mdogo wa marehemu. Baada ya mazishi nilimwambia, "Baba, Jumatatu twende wote, mimi nitatangulia kutolewa damu." Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama daktari ni mwanamke.

Nilimwambia nitaenda kuuliza.